Nesi wa Orlando: Maisha ya Albertina Sisulu

Katikati ya Septemba 1918, meli mbili zilitia nanga Cape Town zikiwa na vibarua na askari weusi waliokuwa wakirudi kutoka vita vya Ulaya. Njiani zilikuwa zimepita Freetown, Sierra Leone, ambako homa kali ya mafua ilikuwa imeshaanza kuua watu, na baadhi ya abiria walishuka wakiwa wagonjwa. Wakubwa wa bandari waliwatenga kwa siku chache, wakawapima, kisha wakawaruhusu kupanda treni kwenda makwao. Reli hiyo ilikuwa imejengwa ili kuwatoa wanaume vijijini na kuwafikisha kwenye migodi ya dhahabu na almasi, na sasa ilirudisha ugonjwa kwa njia ileile, kituo baada ya kituo, hadi Transkei. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba Afrika Kusini ilipoteza watu wapatao 300,000 katika wiki chache, na Oktoba ya mwaka ule ikaitwa Oktoba Nyeusi.

Miongoni mwa waliougua wakapona alikuwa Monikazi Thethiwe, mke wa mchimba madini wa kijiji cha Camama, wilaya ya Tsomo huko Transkei, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito. Tarehe 21 Oktoba 1918 alijifungua mtoto wa kike, naye akapewa jina la Nontsikelelo. Mama alinusurika, lakini nguvu zake hazikurudi tena. Ni vyema msomaji alishike jambo hili, kwa sababu mengi katika utoto wa binti huyu yalitokana nalo. Mama dhaifu alihitaji msaidizi wa kulea, na kila mdogo wake alipozaliwa, au mama alipolazwa kitandani, Nontsikelelo ndiye aliyetolewa shuleni.

Baba, Bonilizwe, alikuwa mbali kwa sehemu kubwa ya mwaka. Sheria ya Ardhi ya 1913 ilikuwa imewabana Waafrika katika sehemu ndogo sana ya nchi yao, takriban asilimia 7 kwa hesabu ya wakati ule, na kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu. Kwa hiyo wanaume wa Transkei hawakwenda migodini kwa kupenda. Shamba halikutosha, na mtoza kodi hakupokea mahindi. Vumbi la mgodini liliingia mapafuni mwao polepole. Bonilizwe alirudi nyumbani akiwa na kifua kibovu, akafariki mwaka 1929, wakati binti yake akiwa na umri wa miaka 11. Tangu siku hiyo msichana yule alijihesabu kuwa mlezi wa familia, hata akaapa kwamba hataolewa, ili mapato yake yote yaende kwa mama na wadogo zake.

Shule alisoma akiishi kwa babu na bibi wazaa mama, kijijini Xolobe, katika misheni ya Wapresbiteri. Huko ndiko alikochagua jina la Albertina, maana kila mtoto alitakiwa kuwa na jina la Kizungu. Alikuwa na akili darasani, lakini kwa kukosa masomo mara kwa mara alifika darasa la mwisho la msingi akiwa amewazidi wenzake kama miaka miwili. Umri huo ulimponza. Alishinda mashindano ya kupata ufadhili wa miaka minne ya sekondari, kisha akanyimwa kwa madai kwamba ni mkubwa mno, ingawa masharti yaliyotangazwa hayakutaja kikomo cha umri. Walimu wake hawakunyamaza. Waliandika barua kwa gazeti la Imvo Zabantsundu, habari ikawafikia mapadri wa Kikatoliki, nao wakamtafutia nafasi katika chuo cha Mariazell, Matatiele. Alikwenda mwaka 1936. Wenzake walipokwenda likizo yeye alibaki chuoni, akilima na kufua nguo ili kufidia gharama zake.

Kule Mariazell alibatizwa Mkatoliki, na akafikiri kuwa mtawa. Kwa msichana aliyekwisha kuapa kutoolewa, wazo hilo lilikuwa la kawaida kabisa. Padri Bernard Huss ndiye aliyemweleza ukweli ambao pengine mwingine angeuficha: mtawa hapokei mshahara, na akishaingia utawani hawezi tena kuwatunza watu wa nyumbani. Akamshauri asomee uuguzi, kwa sababu nesi mwanafunzi alilipwa posho tangu siku za mwanzo za mafunzo. Ualimu, ambao ndio uliokuwa mlango mwingine kwa msichana mweusi aliyesoma, ulidai ada kwanza. Wasimulizi wengi wa maisha ya wauguzi hupenda kuanza na wito wa moyoni. Wito unaweza kuwa ulikuwapo, lakini katika habari hii hesabu ya fedha ilitangulia, na sioni kwamba inampunguzia mtu heshima.

Njia hiyo ilikuwa imefunguliwa miaka 30 kabla. Mwaka 1908 Cecilia Makiwane, aliyefunzwa katika Hospitali ya Victoria huko Lovedale, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kusajiliwa kuwa muuguzi nchini Afrika Kusini. Waliomfuata walikuwa wachache kwa muda mrefu. Ni ukuaji wa miji ya migodi, pamoja na hofu ya wakubwa wa miji hiyo kwamba magonjwa ya Waafrika yangeweza kuvuka na kuingia kwa Wazungu, uliozifanya hospitali kuhitaji wauguzi weusi kwa wingi.

Januari 1940 Albertina aliwasili Johannesburg na kuanza mafunzo katika Hospitali ya Wasio Wazungu, kama ilivyoitwa. Mwaka uliofuata mama yake alifariki, naye akanyimwa ruhusa ya kwenda kumzika. Kuna tukio jingine la miaka ile ambalo alilisimulia mara kadhaa uzeeni. Ajali kubwa ilitokea katika kituo cha treni cha Park, majeruhi weusi wakaletwa kwa wingi kuliko vitanda. Upande wa Wazungu ulikuwa na nafasi. Manesi waliomba majeruhi wahamishiwe huko, wakubwa wakakataa, na watu waliovunjika mifupa wakalazwa sakafuni huku wauguzi wakipiga magoti kati yao kuwafunga vidonda. Msichana aliyekulia Transkei, ambako Wazungu aliowafahamu zaidi walikuwa walimu na wamisionari, alikuwa hajauona ubaguzi kwa karibu namna ile.

Mwaka 1941 alifahamiana na Walter Sisulu, kijana wa miaka 29 aliyekuwa dalali wa nyumba na mwanachama wa ANC, chama cha Waafrika cha kudai haki. Katika wodi Albertina alikuwa na rafiki, Evelyn Mase, binamu yake Walter, ambaye baadaye aliolewa na Nelson Mandela. Kiapo cha kutoolewa kilimfanya asite, na Walter akakiondoa kizuizi kwa kuahidi kwamba wadogo wa Albertina watakuwa wadogo zake pia. Walifunga ndoa Julai 1944, Mandela akiwa msimamizi wa bwana harusi. Katika sherehe Anton Lembede, mwanasheria kijana na kiongozi wa Umoja wa Vijana wa ANC, alisimama akamwonya bibi harusi mbele ya wageni kwamba mumewe alikuwa ameshaoa taifa. Watu walicheka. Wakaenda kuishi nyumba namba 7372, Orlando West, ambayo leo ni sehemu ya Soweto, pamoja na mama yake Walter.

Hapa ndipo waandishi wanapotofautiana: ni nini hasa kilichomwingiza nesi huyu katika siasa? Maelezo ya kwanza, na ndiyo mepesi zaidi, ni mume. Mwenyewe alikiri kwamba mwanzoni alimsindikiza tu Walter, na katika mkutano wa kuzindua Umoja wa Vijana mwaka 1944 alikuwa mwanamke peke yake ukumbini. Maelezo ya pili ni hospitali na yale aliyoyaona huko. Yote mawili yana ukweli, lakini ukiipanga miaka kwa utaratibu utaona kwamba kwa karibu muongo mzima baada ya harusi hakujulikana sana. Alipika chai ya wajumbe, akawapa mahali pa kulala, akaenda kazini. Alijitokeza mbele katikati ya miaka ya 1950, na kipindi hicho ndipo serikali ya Chama cha Kitaifa, iliyoingia madarakani mwaka 1948, ilipoanza kuwagusa wanawake kwa pasi, kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kukibeba, na watoto kwa Sheria ya Elimu ya Wabantu, iliyowatengea weusi elimu duni. Mimi naupa uzito zaidi wakati huo. Mume alimfungulia mlango, ila aliyemsukuma kuingia ni serikali iliyomfuata hadi jikoni na kwenye madaftari ya wanawe.

Wakati huo watoto walikuwa wameongezeka. Max alizaliwa 1945, Mlungisi 1948, Zwelakhe 1950, Lindiwe 1954 na Nonkululeko 1957, na nyumba hiyohiyo ililea pia watoto wa ndugu waliofariki. Mwaka 1949 Walter alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa ANC akaacha shughuli zake za biashara. Kazi hiyo ilikuwa na ujira mdogo, na chama hakikuweza kuulipa kila mwezi. Kuanzia hapo hadi watoto walipokua, familia ya Sisulu iliishi kwa mshahara wa nesi. Habari za Walter Sisulu, mtu aliyemvuta Mandela katika siasa, husimuliwa mara nyingi bila kusema nani alikuwa akinunua unga.

Mwaka 1954 Albertina alihitimu ukunga, akaajiriwa na Idara ya Afya ya Jiji la Johannesburg. Kazi ilikuwa kuwafuata wazazi majumbani. Wakunga weusi hawakupewa magari. Walitembea kwa miguu katika mitaa ya vumbi ya Orlando, usiku na mchana, wakiwa na sanduku la vifaa kichwani. Ndani ya sanduku mlikuwa na mabakuli, chupa za dawa za kusafishia na vyombo vya kupokelea. Nyumba nyingi zilikuwa za vyumba viwili au vitatu, hazina umeme, na maji yalichotwa nje. Mkunga alianza kwa kuagiza moto ukokwe na maji yachemshwe, akawatoa watoto na wanaume, akasafisha mikono, akangoja. Baada ya kuzalisha hakuagana moja kwa moja. Alirudi siku zilizofuata kuangalia kitovu cha mtoto, homa ya mama, maziwa kama yametoka, na kama kuna chakula ndani.

Nimeieleza kazi hii kwa urefu kwa sababu ninaamini ndiyo iliyomfanya kiongozi. Mkunga anajua nani ameachishwa kazi, mume wa nani amekamatwa kwa kukosa pasi, na mtoto wa nani hajala. Mlango anafunguliwa saa yoyote, na hata polisi walizoea kumwona njiani usiku. Jumuiya ya Wanawake ya ANC na Shirikisho la Wanawake wa Afrika Kusini, lililoundwa mwaka 1954, vilipohitaji kuwafikia wanawake mtaa kwa mtaa, vilikuwa na mtu ambaye tayari alikuwa ameingia katika nyumba hizo na kupokea watoto wao. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 walikusanyika Pretoria, kwenye majengo ya serikali, kupinga pasi. Alikuwa miongoni mwao. Wakati wazazi walipogomea shule za Elimu ya Wabantu mwaka 1955, sebule yake iligeuzwa darasa.

Serikali nayo ilijaribu kupitia mlango wa hospitali. Sheria ya Uuguzi ya 1957 ilitenga madaftari ya usajili kwa rangi, ikawaachia Wazungu peke yao uongozi wa Baraza la Uuguzi, na ikakataza muuguzi mweusi kumsimamia mweupe. Mwaka 1958 Baraza likadai kila nesi atoe namba ya kitambulisho. Kwa mwanamke mweusi, namba hiyo ingepatikana kwa kukubali pasi, na manesi walikuwa kundi lililopangwa vizuri na lenye kuheshimiwa. Wakikubali wao, wengine wangeona aibu gani kukubali? Wanawake wa Shirikisho waliandamana hadi Hospitali ya Baragwanath kumwona matroni, na dai hilo likawekwa kando. Oktoba mwaka huohuo zaidi ya wanawake 1,000 walikamatwa Johannesburg katika maandamano ya kupinga pasi. Albertina alikaa jela kwa wiki kadhaa, akiwa amemwacha nyumbani Nonkululeko, ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja.

Tunafika sasa kwenye sehemu ya maisha yake inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, nayo inahitaji maelezo kidogo ya chanzo chake. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Hospitali kubwa zilikuwa zimeendeshwa kwa kiasi kikubwa na wauguzi wa Kiingereza, na uhuru ulipokaribia wengi wao walifunga virago. Wauguzi wenyeji waliokuwa na cheti cha kutosha kusimamia wodi walikuwa wachache, na muuguzi hafunzwi kwa mwezi mmoja. Wakati huohuo ANC ilikuwa mashakani. Baada ya polisi kuwaua watu 69 huko Sharpeville tarehe 21 Machi 1960, serikali ya Pretoria ilikipiga marufuku chama hicho mwezi uliofuata. Oliver Tambo alikuwa ameshatoroka kwenda nje kutafuta marafiki na mahali pa kuweka ofisi. Tanganyika ya Julius Nyerere ilikuwa mlango wa karibu zaidi uliokuwa wazi.

Makubaliano yaliyofikiwa yalikuwa rahisi. ANC ingetoa wauguzi waliofuzu, na Tanganyika ingewapa kazi. Wa kuwatafuta alikuwa lazima awe mtu anayewajua manesi wa Johannesburg kwa majina, anayeaminiwa nao, na anayeweza kuzungumza nao bila kuvuta macho ya polisi. Albertina alikuwa mmoja wa walioipokea kazi hiyo. Wauguzi 20 walipatikana. Hawakuwa na pasipoti, kwa sababu serikali isingewapa, kwa hiyo walitoroshwa kupitia Bechuanaland, nchi tunayoiita leo Botswana, na kutoka huko wakasafiri hadi Tanganyika. Kila mmoja alijua kwamba ukishavuka mpaka bila kibali hurudi. Waliacha wazazi, na wengine hawakuwaona tena.

Kwa nini walikubali? Masimulizi ya chama husema walitumwa na harakati za ukombozi, na ni kweli kwamba ANC iliwahesabu kama mabalozi wake wa kwanza katika nchi huru. Lakini mtu hahami nchi kwa agizo la chama peke yake. Muuguzi aliyesoma miaka minne na kuambiwa na sheria kwamba hawezi kumsimamia mwenzake mweupe alikuwa na sababu zake binafsi za kwenda mahali ambapo angekuwa sista wa wodi kwa haki. Sababu hizo mbili hazigombani, na nadhani Albertina, aliyekuwa amezipitia zote mbili, alijua azungumze na nani kwa ipi. Kwa Mtanganyika aliyelazwa miezi ile ya mwanzo wa uhuru, jambo lililoonekana ni kwamba dawa zilitolewa kwa saa zake na wodi zikabaki wazi. Afrika Kusini yenyewe ilipoteza wauguzi ambao watu wake walikuwa wanawahitaji vilevile, na gharama hiyo haitajwi mara nyingi.

Mwaka 1963 ukawa mgumu kuliko yote. Walter alikuwa amejificha, na polisi walihitaji mtu wa kuwaonyesha alipo. Bunge lilikuwa limepitisha sheria iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini siku 90 bila mashtaka wala wakili. Juni Albertina akawa mwanamke wa kwanza kukamatwa chini ya sheria hiyo, na Max, mwenye umri wa miaka 17, akashikwa pia. Albertina aliwekwa peke yake kwa karibu miezi miwili. Polisi walimjia na habari za uongo: mara mtoto yu mahututi, mara mume anakufa. Kwa nesi, maneno hayo yalikuwa na makali ya pekee, kwa kuwa alijua hasa mtoto anavyozidiwa. Hakusema kitu. Tarehe 11 Julai Walter alikamatwa shambani Liliesleaf, Rivonia, na tarehe 12 Juni 1964 alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Mandela na wenzao. Max alipoachiwa, alitoroka kwenda uhamishoni.

Baada ya hukumu serikali ilimpiga Albertina marufuku: asihudhurie mkutano, asitoke eneo lake bila kibali, maneno yake yasichapishwe. Amri hiyo ilifanywa upya tena na tena kwa zaidi ya miaka 15, na kwa sehemu ya muda huo alifungiwa nyumbani kuanzia jioni. Hata hivyo hawakumzuia kwenda kazini. Sababu haikuandikwa popote ninapojua, ila si vigumu kuikisia: jiji lilikuwa na upungufu wa wauguzi wazoefu, na kuzalisha watoto weusi hakukuonekana kuwa siasa.

Mshahara wa kliniki ulilipa kodi ya nyumba, ukasomesha watoto huko Swaziland ili wasipite katika Elimu ya Wabantu, na ukanunua tiketi za treni. Cape Town iko kilomita 1,400 kutoka Johannesburg, na kisiwani Robben, karibu na mji huo, alikofungwa Walter, mfungwa wa daraja la chini aliruhusiwa mgeni mmoja na barua moja kila baada ya miezi sita. Ziara ilikuwa ya nusu saa. Watoto walio chini ya miaka 16 hawakuruhusiwa kabisa. Fedha zilipopungua, Albertina, ambaye watu walimwita Mama Sisulu, alifuma sweta, akashona sare za shule na kuuza mayai. Watoto nao walichukuliwa mmoja mmoja. Lindiwe aliwekwa kizuizini mwaka 1976 kwa karibu mwaka mzima, akateswa, kisha akaenda uhamishoni; Zwelakhe, mwandishi wa habari, alifungwa bila kesi zaidi ya mara moja.

Agosti 1983 alikamatwa tena, safari hii kwa kosa la kuimba na kuzungumza katika mazishi ya Rose Mbele, mwanachama mkongwe wa ANC. Akiwa mahabusu, vyama na vikundi mamia kwa mamia vilikutana Mitchells Plain tarehe 20 Agosti kuunda Umoja wa Demokrasia, UDF, vikamchagua kuwa mmoja wa marais wake watatu, pamoja na Archie Gumede na Oscar Mpetha. Mwaka huohuo alistaafu kazi ya jiji. Alihukumiwa miaka minne jela, miwili ikiwa imeahirishwa, akakata rufaa, na mwaka 1987 hukumu ikatenguliwa. Katikati ya hayo alishtakiwa kwa uhaini huko Pietermaritzburg na kuachiwa Desemba 1985.

Kustaafu hakukumweka nyumbani. Mwaka 1984 alianza kazi kwa Dakta Abu Baker Asvat, aliyekuwa na zahanati Rockville, Soweto. Ushirikiano huu uliwashangaza wengi. Asvat alikuwa wa AZAPO, chama cha Fikra ya Weusi, na vijana wa AZAPO na wa UDF walikuwa wakichomeana nyumba. Wawili hao waliendelea kufungua zahanati kila asubuhi. Asvat alitibu masikini kwa malipo kidogo au bila malipo, akaenda kwenye makazi ya mabanda ambako jiji halikutia mguu, na nesi wake alikuwa naye. Mama Sisulu alipotiwa ndani au kuitwa mahakamani, nafasi yake ya kazi ilimngoja.

Tarehe 27 Januari 1989 vijana wawili waliingia wakijifanya wagonjwa, wakampiga Asvat risasi. Albertina alikuwa katika jengo hilohilo, na ndiye aliyemkuta. Mahakama iliwatia vijana hao hatiani na kuyaona mauaji kuwa ya wizi. Miaka minane baadaye, mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, mauaji hayo yalihusishwa na Winnie Madikizela-Mandela, aliyekuwa mke wa Nelson Mandela, ambaye alikana, na Tume haikuweza kuyathibitisha madai hayo. Katika kikao hicho Albertina aliulizwa kuhusu maandishi yaliyokuwa kwenye kadi ya mgonjwa wa zahanati ile, kadi iliyotumika katika madai hayo dhidi ya Winnie, akasema si yake, ingawa awali alikuwa ameeleza vingine mbele ya kamera za televisheni. Wapo wanaosema kwamba alimkinga mwenzake wa miaka mingi; wapo wanaosema kwamba mama wa karibu miaka 80 alionyeshwa karatasi kwa haraka na kujibu kwa haraka. Ushahidi uliopo hauniruhusu kuchagua kwa uhakika, lakini kumwandikia historia na kuiruka siku hiyo kungekuwa kumgeuza sanamu.

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Katikati ya mwaka 1989 alipewa pasipoti, akaongoza ujumbe wa UDF kuonana na Rais George Bush mjini Washington na Margaret Thatcher mjini London. Tarehe 15 Oktoba Walter alirudi Orlando baada ya miaka 26. Tarehe 9 Mei 1994 Albertina, sasa akiwa mbunge, alisimama bungeni kumpendekeza Nelson Mandela awe rais. Alitumikia bungeni hadi 1999, miaka mitano tu kwa mtu aliyefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya 40. Alipoondoka alirudi kwenye shughuli ambazo hakuwa ameziacha, hasa kituo alichokianzisha Orlando West ambacho kilipokea watoto wenye ulemavu waliokataliwa na shule nyingine.

Walter alifariki nyumbani tarehe 5 Mei 2003. Albertina alimfuata tarehe 2 Juni 2011, akiwa na umri wa miaka 92, akitazama televisheni na wajukuu zake. Mazishi ya kitaifa yalifanyika uwanja wa Orlando tarehe 11 Juni. Mandela alikuwa dhaifu mno kuhudhuria, na salamu zake zilisomwa na mkewe, Graça Machel.